Uzi kwa wanaojifunza programu Kigoma: chagua aina ya data kwa kazi yake, usidanganywe na sura

Mwalimu wa Jioni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Kigoma mjini, pande za Mwanga. Nafundisha vijana programu jioni wakitoka kwenye shughuli zao. Wengi wamemaliza kidato cha nne au cha sita, wachache wako chuo, na karibu wote wanataka kutengeneza kitu kitakachotumika hapa hapa: mfumo wa duka, daftari la wauza dagaa wa Kibirizi, orodha ya wanachama wa kikundi cha kukopeshana. Nimeleta uzi huu kwa sababu kuna somo moja linarukwa mno. Kijana anakariri kwamba kuna namba kamili, namba za desimali, maandishi na kweli/si kweli, halafu anakimbilia kupanga skrini na rangi. Baada ya miezi kadhaa mfumo unatoa hesabu za ajabu na hakuna anayejua aanzie wapi kutafuta.

Msimamo wangu ni huu: aina ya data unaichagua kwa kuangalia utakifanyia nini kitu hicho. Kuandikwa kwa tarakimu hakukifanyi kiwe namba. Jiulize, nitakijumlisha? Nitakizidisha? Nitatafuta wastani wake? Kama yote ni hapana, hayo ni maandishi, yaani stringi, hata kama ndani hamna herufi hata moja.

Mfano wa kwanza ni namba ya simu. Zetu zinaanza na sifuri. Ukiihifadhi kama namba kamili, ile sifuri ya mbele inapotea, maana kwa hesabu 07 na 7 ni kitu kimoja. Kesho unataka kumtumia mteja ujumbe, namba ina tarakimu 9 badala ya 10. Kwenye C na Java kuna jingine tena: ukiandika 010 ndani ya msimbo, lugha inaisoma kwa kizio cha nane, yaani kuhesabu kwa tarakimu 0 hadi 7 tu, kwa hiyo unapata 8. Python 3 inakataa kabisa namba iliyoanzishwa na sifuri namna hiyo, na mimi naona imefanya vizuri.

Mfano wa pili uko kwenye pochi ya kila mmoja wetu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Vijana wengi wakiiona wanasema hii ni namba ndefu tu, tuweke kwenye namba kamili ya biti 64, ile kubwa, yaani yenye nafasi 64 za kuweka 0 au 1. Haya, tupige hesabu. Namba kamili ya biti 64 yenye alama ya kujumlisha na kutoa inaishia 9,223,372,036,854,775,807. Ukiacha alama, ukatumia biti zote kwa namba chanya, inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Hiyo nayo ina tarakimu 20, lakini inaanza na 18. Mtu aliyezaliwa miaka ya elfu moja mia tisa, namba yake inaanza na 19. Aliyezaliwa 2000 na kuendelea, inaanza na 20. Kwa hiyo Watanzania wote wenye kitambulisho wamezidi hapo.

Ukisema basi niweke kwenye namba ya desimali ya biti 64, itaingia, ila kwa ukubwa huo namba zinazoweza kuhifadhiwa zinapishana kwa 4,096. Tarakimu za mwisho zitabadilika na mfumo hautakwambia kitu. Watu wawili tofauti wanaweza kujikuta na namba moja. Excel nayo inashika tarakimu 15 tu, hizo 5 za mwisho inazigeuza sifuri. Fungua faili la wanachama, weka namba za NIDA bila kuifanya safu iwe ya maandishi, uone zote zinavyoishia na 00000. Ukishahifadhi faili, tarakimu hizo hazirudi tena.

Hakuna mtu duniani atakayejumlisha NIDA mbili. Ni maandishi.

Naishia hapo kwanza. Karibuni, nitarudi kuendelea na hela.

Binti wa Ujiji

Shikamoo mwalimu. Asante kwa uzi, mimi ni mmoja wa hao wanaokariri. Swali langu: natumia Python na sijawahi kutaja aina. Naandika tu `umri = 20` na inakubali. Sasa kama lugha yenyewe haiulizi, mimi nihangaike na aina ya nini?

Mwalimu wa Jioni

Marahaba binti yangu. Swali zuri, na ndilo linalowapoteza wengi.

Python haikuulizi aina, lakini haina maana kwamba aina haipo. Kila thamani ndani yake ina aina, isipokuwa lugha inaitambua programu ikiwa inakimbia. Andika `type(umri)` utaiona. Java, C, Go na Kotlin zinataka aina ijulikane kabla programu haijaanza, na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako kwa mashine, ikiona umechanganya inakugomea pale pale mezani kwako. Python inakugomea ukiwa umeshampelekea mteja.

Jaribu hili leo usiku. Andika `umri = input("Umri wako: ")`, jaza 20, halafu mwambie `umri + 1`. Itagoma na kutoa TypeError, kwa sababu `input` inarudisha maandishi siku zote, mtu ajaze tarakimu au ajaze jina. Lazima wewe mwenyewe useme `int(umri)`.

Nenda sasa kwenye JavaScript, fanya `"5" + 3`. Utapata "53". Fanya `"5" - 3`, utapata 2. Haikugoma popote. Imeona kujumlisha ikadhani unaunganisha maandishi, imeona kutoa ikageuza maandishi kuwa namba. Hapo ndipo unaposhukuru kwamba Python inapiga kelele. Microsoft walitoa TypeScript mwaka 2012 ili wanaoandika JavaScript waweze kutaja aina na kukaguliwa mapema. Python nayo, kuanzia toleo la 3.6 la mwaka 2016, inakuruhusu kuandika `umri: int = 20`. Lugha yenyewe haitakubana kwa maandishi hayo, ila kuna vifaa vya kukagua vinavyoyasoma. Mimi wanafunzi wangu nawalazimisha kuyaandika tangu wiki ya kwanza.

Kasulu Kwetu

Mkuu heshima kwako, ila hapa tutabishana kidogo. Mimi natengeneza mifumo ya maduka Kasulu na Kibondo. Bei naweka float, yaani namba ya desimali, jumla naweka float, na maduka yanaendelea na biashara. Tusiwatishe vijana. Mfumo wa duka la jumla hauna haja ya mambo ya maroketi.

Mwalimu wa Jioni

Mkuu Kasulu, karibu sana, na nashukuru umelisema wazi maana ndiko nilikokuwa naelekea.

Kwanza tuelewane float ni nini. Kompyuta nyingi zinafuata kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo William Kahan alikuwa na mchango mkubwa ndani yake. Namba inahifadhiwa kwa kizio cha mbili. Sasa moja ya kumi kwa kizio cha mbili haina mwisho, kama vile moja ya tatu isivyo na mwisho tukiandika kwa kumi, 0.333 na kuendelea. Kompyuta inakata mahali. Ndiyo maana `0.1 + 0.2` inatoa 0.30000000000000004 kwenye Python, JavaScript na Java pia. Lugha haijakosea, umeiomba ihifadhi kitu kisichotoshea.

Utasema tofauti hiyo ni ndogo mno. Sawa, chukua hii. Tuseme kuna ushuru wa shilingi 100 kwa kilo, na mzigo una kilo 4.35. Kwa akili ya kawaida ni shilingi 435. Andika `4.35 * 100` kwenye Python, unapata 434.99999999999994. Halafu kijana anataka shilingi bila desimali, anaandika `int(4.35 * 100)`. `int` haikadirii, inakata. Anapata 434. Shilingi moja imekwenda kwenye mzigo huo mmoja. Jioni daftari la karani na mfumo havikubaliani, na anayeshukiwa ni karani.

Hiyo ni float ya biti 64. Kwenye Java na C neno `float` lenyewe ni la biti 32, na hiyo ina hali mbaya zaidi kwa hela zetu. Inashika namba kamili zote bila kuruka mpaka 16,777,216. Ukiongeza 1 hapo, inabaki 16,777,216. Jamani, milioni kumi na sita na laki saba ni hela ya kawaida kabisa kwa mfanyabiashara wa jumla pale mjini! Akifika milioni 100, namba zinaruka kwa 8. Unamwekea shilingi 3 hazionekani kabisa, na ukirudia mara elfu hazitaonekana vilevile.

Kwa hiyo mkuu, maduka yanaendelea na biashara, sikatai. Swali ni nani anabeba ile tofauti.

Shilingi yetu kwa matumizi ya kila siku haina senti mkononi, na hiyo ni bahati yetu. Weka hela kama namba kamili ya shilingi. Uzito uweke kama namba kamili ya gramu. Ule mzigo ni gramu 4350: `4350 * 100 // 1000` inatoa 435, safi. Na unapogawa, shughulika na baki waziwazi. Shilingi 100,000 kwa watu 3 ni 33,333 kila mmoja na inabaki 1. Mfumo useme hiyo 1 inakwenda wapi. Kikundi chenyewe kiamue, lugha ya programu isiwaamulie kimyakimya.

Halafu ukitumia `int` ya Java kwa hela, kumbuka ni biti 32, inaishia 2,147,483,647. Bilioni mbili na kitu. Ukizidisha mauzo ya mwaka ya ghala kubwa unaweza kupita hapo, na Java haitasema neno, inaweza hata kukupa namba hasi. Tumia `long`. Python haina mpaka huo, namba kamili yake inakua mpaka kumbukumbu ya mashine iishe.

Mzee wa Vitabu

Vijana, mimi ni mhasibu mstaafu. Niongezee hapo kwenye hela.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Lugha ya COBOL imetengenezwa mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za ofisi na biashara, na ilikuwa na hesabu za desimali halisi toka mwanzo. Ulikuwa unaandika `PIC 9(7)V99`, maana yake tarakimu saba, nukta, tarakimu mbili. Mashine inahesabu kwa kumi kama mhasibu anavyohesabu. Leo mna DECIMAL kwenye SQL, lugha ya hifadhidata, BigDecimal kwenye Java, na moduli ya decimal kwenye Python. Pale ambapo lazima uwe na sehemu ya shilingi, mathalani riba au VAT ya asilimia 18 kwenye bei ndogo, tumieni hizo. Na sheria ya kukadiria iandikwe mara moja mahali pamoja, isiachwe kila mtu akadirie anavyojua.

Jingine, hapa kwetu mpakani kuna faranga ya Burundi na faranga ya Kongo sokoni. Nimeona mfumo una safu moja tu inaitwa "kiasi". 50,000 ya nini? Hiyo namba peke yake si hela. Hela ni kiasi pamoja na sarafu yake.

Mwalimu wa Jioni

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Hilo la sarafu nilikuwa nimelihifadhi, umeliweka vizuri kuliko ambavyo ningeliweka.

Vijana, hii maana yake mnaweza kujitengenezea aina yenu. Lugha inakupa aina za msingi, lakini haikukatazi kuunda aina inayoitwa Hela, yenye kiasi na sarafu ndani, na ukaiandikia kanuni kwamba Hela ya shilingi na Hela ya faranga hazijumlishwi mpaka mtu ataje kiwango cha kubadilishia. Wanafunzi wangu waliofika hapo wanaanza kufikiri kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikausoma kwa vipimo vya kimetriki, yaani newtoni-sekunde. Kompyuta zote mbili ziliona namba tu.

Mkuu Kasulu alitaja maroketi. Roketi ya Ariane 5 iliruka tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou, ikaharibika haijamaliza dakika moja, kwa sababu namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767, na namba ilikuwa kubwa kuliko hapo. Na lile la moja ya kumi: tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa kudungua makombora ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde ukitumia biti 24. Ulikuwa umewashwa saa 100 hivi mfululizo, saa yake ikawa imeteleza kwa theluthi moja ya sekunde. Kombora likapita, askari 28 wakafa. Ni ile ile 0.1.

Mama Kibirizi

Habari zenu wanangu. Mimi si mtu wa kompyuta, kijana wangu ndiye kanionyesha huu uzi. Nina mtumbwi na vijana wanaokwenda ziwani usiku. Tulitengenezewa daftari la kwenye simu. Shida yangu linaniambia wastani wa ndoo kwa usiku ni mdogo kuliko ninavyojua mimi. Aliyetengeneza anasema hesabu ni sahihi. Naomba mnieleze.

Mwalimu wa Jioni

Mama, shikamoo. Karibu sana, na kwa kweli swali lako ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Naomba nikuulize. Ule usiku wa mbalamwezi ambao vijana hawaendi kwa sababu taa hazivuti dagaa, daftari linaandika nini?

Mama Kibirizi

Linaandika 0. Halikubali kuachwa wazi.

Mwalimu wa Jioni

Basi tumeshalipata mama.

Wakuu, hebu angalieni. Chukua usiku saba. Ndoo 40, halafu 0 kwa sababu walikwenda wakarudi mikono mitupu, halafu 55, halafu usiku mbili hawakwenda kwa ajili ya mwezi, halafu 25, halafu 30. Jumla ni ndoo 150. Walikwenda ziwani usiku 5, wastani ni ndoo 30. Daftari la mama limeweka 0 kwenye zile usiku mbili, linagawa kwa 7, linapata 21 na kidogo. Na akitokea fundi mwingine akasema basi tufute sifuri zote, atagawa kwa 4 na kupata 37 na nusu, ambayo nayo ni uongo, kwa sababu ule usiku wa kurudi mikono mitupu ulikula mafuta na nguvu za watu.

Kuna sifuri, na kuna "hakuna taarifa". Ni vitu viwili. Kwenye SQL hicho cha pili ni NULL, Python inakiita None. SQL ikitafuta wastani kwa AVG inaruka NULL na kuhesabu sifuri, hasa tunavyotaka hapa. Fikirieni mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mfumo uliojaza sifuri miezi yote ile utasema mwaka ulikuwa mbaya kwa mvuvi, kumbe mvuvi hakuwepo ziwani. Afisa au benki akiangalia takwimu hizo kumpima mama kwa mkopo, anampima kwa siku ambazo sheria ilimkataza kuvua.

Mama, mwambie fundi wako safu ya ndoo iruhusu kuachwa wazi, na aweke safu nyingine ya kweli/si kweli: walikwenda au hawakwenda. Ni kazi ya muda mfupi. Zile sifuri za zamani itabidi mkae naye mzirekebishe, wewe na vijana mnakumbuka mbalamwezi ilikuwa lini.

Kwa wanafunzi: NULL ina hatari zake. Ile ya kwenye lugha za programu, mtaalamu wa kompyuta Tony Hoare aliiweka kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, na baadaye mwenyewe akaiita kosa lake la dola bilioni moja, kwa sababu programu nyingi zinaanguka zikikuta kitu kitupu mahali zilipotegemea thamani. Kotlin, ambayo wengi wenu mnaitumia kutengeneza programu za simu, imelitengenezea dawa nzuri: `Int` haikubali utupu, `Int?` inakubali, na kompaila inakulazimisha uulize kwanza kabla ya kuitumia. Hapo utupu umeingizwa ndani ya aina yenyewe.

Mama Kibirizi

Ahsante mwanangu. Nimeelewa. Nitamfuata kesho.

Mtu wa Isevya

Wakuu, nachungulia kutoka Tabora. Naona maandishi yamesahaulika, kila mtu yuko kwenye namba. Nasaidia chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku upande wa orodha ya wanachama. Tuna majina mengi ya Kinyamwezi na Kisukuma yenye ng'. Unamtafuta mtu, mfumo unasema hayupo, na yupo. Halafu bili ya ujumbe wa simu ni kubwa kuliko idadi ya watu. Mnasemaje?

Fundi Simu

Mtu wa Isevya, hili nimekutana nalo kazini, niruhusu mwalimu.

Ile alama ya juu katikati ya ng' na o ziko za aina mbili. Kuna iliyonyooka, ya kwenye kibodi ya kawaida. Na kuna iliyopinda, ambayo Word na simu nyingi zinaiweka zenyewe bila kukuuliza. Kwa macho zinafanana. Kwa Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ni herufi mbili tofauti, iliyonyooka ni U+0027 na iliyopinda ni U+2019. Ukiuliza Python kama "ng'ombe" na "ng’ombe" ni sawa, itajibu False. Kwenye UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi hizo kwa baiti (baiti moja ni biti 8), neno la kwanza lina baiti 7, la pili lina baiti 9, kwa sababu ile iliyopinda inachukua baiti 3 peke yake. Safisha majina yote yawe na alama moja wakati wa kuingiza, na ulisafishe hivyo hivyo neno la kutafuta.

Kuhusu bili: ujumbe wa simu wa kawaida unabeba herufi 160 kwa sababu unatumia seti ndogo ya herufi za biti 7. Alama iliyopinda haimo kwenye seti hiyo. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo wa herufi 70. Na ujumbe mrefu ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67 tu. Kwa hiyo tangazo la herufi 150 ambalo lingekuwa ujumbe 1 linakuwa 3. Zidisha kwa wanachama wako wote.

Mtu wa Isevya

Aisee. Nimekwenda kuangalia tangazo la juzi, lina "ng’ombe" yenye alama iliyopinda. Tulikuwa tunalaumu mtandao. Shukrani mkuu, naweka kambi hapa.

Mwalimu wa Jioni

Fundi umetisha. Hilo nalichukua kwenda nalo darasani.

Niguse kweli/si kweli kwa haraka maana si pagumu. Aina hii, buliani, imepewa jina la George Boole, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19. Mtego wake mkubwa ni kugeuza maandishi kuwa buliani. Kwenye Python `bool("Hapana")` ni True, kwa sababu maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Fomu ikirudisha neno, linganisha neno lenyewe: `jibu == "Ndiyo"`.

Karani wa Bandari

Mwalimu usisahau tarehe na saa. Hapa bandarini tuna mizigo inayokwenda Bujumbura na Kalemie. Wenzetu saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Mfumo mmoja ulikuwa unaandika saa kama maandishi matupu, "16:00". Boti inaonekana imefika muda ule ule iliyotakiwa kufika, kumbe imechelewa saa nzima. Na wengine wanaandika "saa 10", hujui ni jioni au alfajiri.

Mwalimu wa Jioni

Karani, umemaliza. Tanzania tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Burundi na mashariki ya Kongo wako saa 2. Tumieni aina ya tarehe na saa iliyo na ukanda wa saa ndani yake, hifadhini kwa UTC, na mwonyesheni mtu kwa saa ya pale alipo. Tukizungumza Kiswahili tutasema saa kumi jioni kama kawaida, mfumo ndani uhifadhi kitu kisicho na utata.

Na kwa wanaoandika C au kurithi mifumo ya zamani: muda uliohifadhiwa kama sekunde tangu 1 Januari 1970 ndani ya namba kamili ya biti 32 yenye alama unaisha tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa yetu ni asubuhi, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mfumo wa namna hiyo utarudi mwaka 1901. Vijana ninaowafundisha leo ndio watakaokuwa maofisini siku hiyo.

Kasulu Kwetu

Nimekaa nimejaribu ile ya 4.35 kwenye mfumo wangu. Kweli inatoa 434. Naanza kuhamisha hela kwenda namba kamili wiki hii. Swali moja mwalimu: data za zamani nizifanyeje? Nizizidishe na kukata?

Mwalimu wa Jioni

Usikate mkuu, kadiria. Tumia `round` kwenda kwenye shilingi ya karibu kabla ya kugeuza, kwa sababu 434.99999999999994 ilikuwa 435 toka mwanzo. Fanya nakala ya hifadhidata kwanza. Ongeza safu mpya ya namba kamili, jaza, linganisha jumla za kila siku na risiti, ndipo uiondoe ya zamani. Pale ambapo jumla hazilingani, usiulazimishe mfumo, nenda kwenye risiti.

Binti wa Ujiji

Mwalimu la mwisho kutoka kwangu. Nimepanga magunia kwa namba zake, orodha inakuja 1, 10, 11, 2, 20, 3. Nimetumia `sorted`. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Jioni

Namba za magunia umezisoma kutoka kwenye faili, kwa hiyo ni maandishi, na maandishi yanapangwa herufi kwa herufi kama kamusi: "10" inatangulia "2" kwa sababu "1" inatangulia "2". JavaScript inafanya hivyo hata kwa namba halisi usipoipa kanuni ya kulinganisha.

Andika `sorted(magunia, key=int)`. Magunia yenyewe yatabaki maandishi, ila yatapangwa kwa thamani yake. Na ukikuta gunia limeandikwa "12B", `int` itagoma. Likitokea, leta hapa hiyo orodha tuione.

Binti wa Ujiji

Limetokea, mwalimu. Yapo "7A" na "7B". Nabandika orodha sasa hivi.